Upepo wa Ziwa na Kichumba Changu cha Kahawa

Nilipomaliza kufunga mashine ya kukaangia kahawa kwenye kichumba cha nyuma, niliamini kazi imekwisha. Mashine ilikuwa nzuri: pipa la chuma kisichoshika kutu linaloingia kilo moja ya kahawa mbichi, limelazwa juu ya jiko la gesi, linazungushwa na mota ndogo. Fundi wa kuchomelea wa Igoma alilitengeneza kwa wiki tatu, na kila nilipopita kulikagua nilikuta amerekebisha kitu bila kuambiwa. Tulilibeba kwa guta hadi kwetu Bwiru, hapa Mwanza kando ya Ziwa Viktoria, vijana wawili wakalipandisha kwenye ngazi za mawe, na mimi nikabaki nimesimama mlangoni nikilitazama kwa furaha. Nilidhani kilichobaki ni kuwasha moto.

Mwaka mzima uliofuata nimekuwa nikijifunza habari za hewa: inaingilia wapi, inatokea wapi, na huko inakotokea inamkuta nani. Naandika haya kwa sababu watu kadhaa wameniuliza mashine niliipata wapi, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza dirisha langu linatazama upande gani.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Muleba, mkoani Kagera, na alikaanga kahawa maisha yake yote bila chumba. Alikuwa na chungu kipana, mafiga matatu uani, na mwiko uliolika upande mmoja kwa kutumika. Moshi ulikwenda ulikotaka, migomba ikaumeza. Na kahawa nyingine ya kwao hata haikufika kwenye chungu cha kukaangia. Ilichemshwa ikiwa na maganda yake, pamoja na majani yenye harufu, ikakaushwa, ikawekwa kwa ajili ya kutafuna, ile ambayo Mhaya humpa mgeni anapomkaribisha nyumbani. Nilipokuwa mdogo nilipewa punje mbili kila tulipokwenda likizo, na meli ya kurudi Mwanza nilikuwa nazo mfukoni.

Mimi nimekulia hapa Mwanza. Kilichonisukuma ni jambo ambalo kila nikilifikiria linaniuma. Ng'ambo ya maji, Kagera, wanalima robusta. Upande wa mashariki, milima ya Tarime, wanalima arabika. Sisi tuko katikati ya mashamba hayo mawili, na bado ukimkaribisha mgeni mtaani kwetu unamkorogea unga wa kopo. Nilitaka nyumba yangu inukie kahawa iliyokaangwa asubuhi hiyo hiyo. Hapo ndipo yote yalipoanzia.

Kichumba chenyewe kilikuwa jiko la zamani la nje, mita mbili na nusu kwa tatu, tofali za saruji, paa la bati. Nyuma yake kuna jabali kubwa kuliko nyumba. Anayeishi Mwanza hahitaji maelezo, lakini kwa msomaji wa mbali niseme kwamba mji huu umejengwa juu ya mawe, katikati ya mawe na chini ya mawe, na wengi wetu tuna jabali ambalo tunalihesabu kama mwanafamilia. La kwetu watoto hulitumia kuanikia viatu vya shule.

Maandalizi ya mwanzo nayapita haraka. Dari ya mbao nyembamba niliing'oa yote, kwa sababu makapi ya kahawa ni mepesi, ni makavu, yanashika moto upesi, na dari ya namna ile ni kuni zilizoning'inizwa juu ya jiko. Sakafu ikasakafiwa upya. Mtungi wa gesi nikauweka nje, bomba lake likapita ukutani. Ndoo ya mchanga na mtungi wa kuzimia moto vikakaa karibu na mlango, si karibu na mashine, ili mtu avichukue huku anatoka. Fundi wa bati akatoboa ukuta unaotazama ziwani akapitisha bomba la moshi. Upande huo niliuchagua mwenyewe. Nilijiambia ziwa ni wazi, hakuna nyumba, moshi utakwenda majini.

Nilianza kukaanga saa nane mchana.

Kwa ambaye hajawahi kusimama mbele ya pipa la kahawa, nieleze kinachotokea, maana bila hilo habari ya moshi haitaeleweka. Kahawa mbichi ni ya kijani kilichofifia, ngumu kama kokoto, na ndani yake kuna maji ya kiasi cha asilimia 10 hadi 12. Ukiimwaga kwenye pipa lililopashwa moto, dakika za mwanzo hakuna linaloonekana ila mvuke wenye harufu ya nyasi kavu. Kisha inageuka njano na kunukia kama mkate ulio tanurini. Halafu inaingia rangi ya hudhurungi, na ile ngozi nyembamba iliyoizunguka kila punje inaanza kubanduka na kuruka. Hayo ndiyo makapi. Karibu na nyuzi 196 kwenye kipimajoto changu punje zinaanza kualika, tak, tak-tak, kama bisi lakini kwa mlio mkavu zaidi. Huo ni mlio wa kwanza: mvuke na gesi vimeipasua punje kutoka ndani. Baadaye kunatulia, moshi unazidi, na karibu na nyuzi 224 unakuja mlio wa pili, mwembamba na wa haraka, kama vijiti vinavyoshika moto, na mafuta yanaanza kung'aa juu ya punje. Kazi yote ni dakika kumi na kitu. Kilo moja iliyoingia inatoka gramu 850, na ukipenda nyeusi inashuka zaidi ya hapo. Zile gramu nyingine zimegeuka mvuke, moshi na makapi, na zote lazima zipite mahali fulani.

Siku ile zilipita usoni kwangu. Upepo ulikuwa unatoka ziwani, umekaza, ukaingia kwenye bomba langu kana kwamba nimelijengea kwa ajili yake. Moshi ulirudi chumbani. Nilifungua mlango, ukatoka kwa mlangoni, ukaenda kugonga jabali, ukashindwa kupanda, ukashuka taratibu upande wa pili ambako jirani yangu alikuwa ameanika mashuka meupe sita.

Sikumaliza hata kupooza kahawa nikasikia hodi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Mwanangu, unaunguza nini huku? Mashuka yangu yananuka kama yamelala jikoni.”

Nilimwomba radhi, nikayachukua mashuka yote, nikayafua mwenyewe jioni ile na kuyaanika upande wa barabara. Sikufanya hivyo kwa kumtuliza tu. Yule mama anafua kwa maji ya kununua wakati bomba halitoki, na nilikuwa nimemwagia kazi yake ya asubuhi nzima. Nilipomrudishia kesho yake, alinikalisha kwenye mkeka akaniuliza bomba langu nimelitoa upande gani. Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa.

“Mchana upepo unatoka ziwani unapanda nchi kavu,” alisema. “Usiku unageuka, unatoka nchi kavu unashuka ziwani. Marehemu baba alikuwa mvuvi wa tanga kule Ukerewe. Wanatoka na upepo wa alfajiri, wanarudi na wa mchana. Wewe umetoboa mlango wa upepo ukasema ni mlango wa moshi.”

Nilikuwa nimekaa kando ya ziwa hili zaidi ya miaka thelathini, na sikuwahi kulisema jambo hilo kwa mdomo wangu. Nililijua kwa ngozi tu: kwamba saa tisa mchana kunakuwa na ubaridi, kwamba alfajiri moshi wa majiko ya mkaa unaelekea majini. Sababu yake ni rahisi. Jua likipiga, nchi kavu na mawe yake hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya juu ya nchi inapanda, na ya ziwani inakuja kujaza nafasi. Usiku nchi inapoa upesi, ziwa linabaki na joto lake, na mambo yanageuka.

Nikakata kipande cha khanga kuukuu nyekundu nikakifunga kwenye mti mrefu juu ya paa. Kwa wiki mbili niliandika kwenye daftari kitambaa kinaelekea wapi saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu, saa sita na saa kumi. Saa kumi na mbili karibu kila siku kilielekea ziwani, kwa unyonge. Kati ya saa tatu na saa nne kilining'inia, hakina upande. Baada ya hapo kiligeuka kikatazama mlimani na kukaza mpaka jioni. Siku mbili tu zilivunja utaratibu, na zote mbili kulikuwa na mvua inakuja. Niliona pia jambo ambalo mama hakulitaja, kwa kuwa yeye hana jabali nyuma ya nyumba: upepo wa mchana ukiligonga jiwe letu unajikunja kurudi chini, na karibu na ukuta kitambaa kilizunguka hovyo kama mtu aliyepotea njia. Dohani ikikaa pale haisaidiwi hata na feni ya kuvuta moshi.

Kama unafikiria kujenga chumba cha namna hii, fanya hilo kabla ya kumwita fundi. Kitambaa na daftari havigharimu kitu. Mimi nililipa ukuta mara mbili.

Fundi wa bati alirudi. Tundu la zamani tukaliziba kwa tofali, na dohani mpya ya inchi sita ikapita paani kwenye kona iliyo mbali zaidi na jabali, ikapanda mpaka ikapita kilele cha paa kwa zaidi ya mita moja. Fundi alitaka kuweka kona moja kali ya mraba kutoka kwenye mashine, ndiyo waliyoizoea kwenye mabomba ya mvua. Nikamwomba aweke kona mbili za mshazari. Moshi wa kahawa una lami ndani yake. Kila unapogeuka ghafla unaacha kidogo, na lami ikikusanyika na makapi yakanasa humo, umejitengenezea utambi ndani ya bomba. Kila kipande kikafungwa kwa namna ya kufunguka kwa mkono, bila riveti, nikaweza kukisugua. Nakisugua kila mwisho wa mwezi, na kila mara brashi inatoka nyeusi.

Makapi yenyewe yana pipa lake. Kati ya mashine na feni kuna debe la chuma lililofungwa. Hewa inaingilia ubavuni, inazunguka, inatokea juu, na makapi kwa kuwa ni mazito kuliko hewa yanaanguka chini. Robusta ya Kagera hukaushwa na ganda lake lote juani, na naona inatoa makapi mengi kuliko kahawa ya Tarime iliyooshwa. Nikikaanga ya Kagera namwaga debe kila baada ya mikaango mitatu, tena yakiwa yamepoa kabisa, kwenye shimo la mbolea. Migomba yangu miwili inaonekana kufurahia.

Kisha likaja jambo la hewa ya kuingia. Tulipowasha feni kwa mara ya kwanza, mlango ulijifunga wenyewe na ukawa mgumu kufungua, na moto wa gesi ukaanza kuegama na kuwa wa njano. Chumba kilikuwa kinanyonya pumzi kisiipate. Feni inayotoa hewa bila tundu la kuiingiza itaivuta popote, hata kwa kuishusha kutoka kwenye dohani yenyewe. Tukafungua matundu chini ya ukuta wa mbele, kwa jumla makubwa kuliko mdomo wa bomba, tukayawekea wavu wa mbu. Moto ukarudi kuwa wa bluu, umesimama wima. Siku hizi rangi ya moto ndiyo kitu cha kwanza ninachokitazama.

Baada ya hapo nilikaanga kwa amani kwa miezi kama miwili, na ningeweza kusema mambo yamenyooka. Ila nilikuwa nimefanya kosa moja juu ya paa, na nalisimulia kwa kirefu kwa sababu lingeweza kuniua.

Juu ya kofia ya dohani nilikuwa nimeweka wavu wa mbu, ule ule wa madirishani, ndege wasijenge. Wanaoishi kando ya ziwa hili wanawajua wale wadudu wadogo wanaotoka majini kwa mamilioni, hasa mwezi unapoandama. Ukiwa Bwiru unawaona kwa mbali kama nguzo za moshi zimesimama juu ya maji. Hawaumi, lakini wakija nchi kavu wanaingia kwenye chai, kwenye nywele, kwenye taa, na asubuhi unawafagia kwa ufagio na kuwazoa kwa kijiko cha taka. Walikuja usiku mmoja. Alfajiri nikafagia kibaraza, nikawasha mashine kama kawaida.

Mkaango wa kwanza sikuona kitu. Wa pili niliona moshi unatoka kidogo kwenye maungio ya bomba, nikafikiri pamelegea. Wa tatu kichwa kikaanza kugonga upande wa kulia, na miguu ikawa kama si yangu. Hamkani yote ilinijia kwa kuchelewa, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo: nilijua nataka kutoka na sikuona haraka yoyote ya kutoka. Mume wangu alipita mlangoni akaniita, nikamjibu kwa sauti ambayo anasema haikuwa yangu. Akafunga gesi kule nje, akanishika mkono, akanikalisha chini ya mwembe. Nilitapika. Kichwa kiliuma mpaka jioni.

Ile ni hewa ya kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi, na inatoka sehemu mbili: kwenye moto usiopata hewa ya kutosha, na kwenye kahawa yenyewe inapokaangwa, hata saa kadhaa baada ya kutoka kwenye pipa. Sisi tunaopika kwa mkaa tumesikia habari zake kila msimu wa baridi, familia inalala na jiko ndani ya chumba haiamki. Sikuwahi kufikiri kwamba na mimi nimejijengea jiko la ndani.

Fundi alipanda juu akashusha kofia. Ule wavu haukuonekana kuwa wavu tena. Wadudu walikuwa wamenasa kwa maelfu, lami ya kahawa ikawagandisha, makapi yakajaza nafasi zilizobaki, ikawa sahani nene nyeusi, ngumu ukiigonga kwa ukucha. Nimeihifadhi. Ipo kwenye msumari nyuma ya mlango, na kila anayekuja kujifunza kwangu namwonyesha kabla ya kumwonyesha mashine.

Sasa juu ya dohani kuna waya wenye matundu ya nusu inchi: ndege hapiti, mdudu anapita. Wavu wa mbu umebaki chini tu, kwenye matundu ya kuingizia hewa, ambako mkono wangu unafika na brashi ipo. Na kila asubuhi kabla ya kuwasha gesi nawasha feni, nachukua kipande cha gazeti, nakishika karibu na mdomo wa bomba. Kikivutwa na kung'ang'ania, naendelea. Kikiyumba tu, sikaangi. Gesi haiwashwi mlango ukiwa umefungwa, na sikaangi nikiwa peke yangu nyumbani.

Feni nayo ilikuwa na shauri lake, na aliyelimaliza ni mzee anayeuza kahawa karibu na kituo cha daladala, yule wa birika juu ya jiko la mkaa na vikombe vidogo anavyovigonganisha akitembea. Nilimpelekea kahawa yangu, akaonja funda moja akaniambia kwa upole kwamba nimeiacha ikapita. Nikamwalika nyumbani. Aliingia kichumbani, akakaa kimya mkaango mzima, mkono mmoja sikioni.

“Mama, hii feni inanguruma,” akasema. “Mimi nakaanga kwa sikio. Hapa kahawa inaita na wewe humsikii.”

Alikuwa sahihi kabisa. Nilikuwa nafuata kipimajoto peke yake, na kipimajoto kinachelewa. Kinasema joto la mahali kilipochomekwa. Tulihamishia feni nje, mwisho wa bomba upande wa paa, tukaikalisha juu ya vipande vya tairi kuukuu ili isitetemeshe bati. Kichumba kikatulia. Mkaango uliofuata niliisikia punje ya kwanza ikialika peke yake, halafu kimya cha kama sekunde tano, halafu ya pili, halafu zote kwa pamoja. Yule mzee alicheka kwa furaha kama vile kahawa ni yake. Kwa robusta ya birika anataka niiendeleze mpaka mlio wa pili uanze tu, nitoe. Kwa Tarime ananishauri nitoe mapema zaidi, dakika mbili baada ya mlio wa kwanza. Ndivyo ninavyofanya.

Kuhusu kipimajoto hicho hicho, kuna jambo dogo. Kabla ya kukiamini nilikitumbukiza kwenye maji yanayochemka, kikasoma 96. Nilikirudisha kwenye kisanduku nikidhani nimeuziwa kibovu. Shemeji yangu, mwalimu wa fizikia, ndiye aliyenizuia. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku juu maji huchemka kabla ya kufika 100. Hiyo 96 ndiyo sahihi kwa Mwanza. Kwa hiyo wenzetu wa Dar es Salaam wakikuambia uache maji yapoe kidogo kabla ya kumwagia kahawa, ya kwetu yakitoka tu jikoni yako tayari.

Umeme ulikatika katikati ya mkaango mara moja tu na ilitosha. Pipa likisimama juu ya moto, punje za chini zinaungua ndani ya nusu dakika, na zikiungua zinawasha makapi. Kwanza nilifunga gesi, halafu nikamwaga kahawa nje ya mashine huku ikiwa nusu mbichi. Fundi wa Igoma aliniwekea mkono wa kuzungushia kama wa baiskeli ubavuni mwa pipa. Kila mashine ya kahawa nchini kwetu inapaswa kuwa nao, na simwelewi anayetengeneza bila huo.

Ghala la kahawa mbichi nalo ni hewa. Gunia langu la kwanza kutoka Bukoba nililiweka stoo ya nyumba kubwa, ambako mume wangu alikuwa na viroba viwili vya dagaa wa soko la Mwaloni wa kupeleka kwa ndugu zake. Wiki mbili tu. Kahawa mbichi inanyonya harufu kuliko nilivyowahi kudhani, na moto hauiondoi. Nilikaanga, nikasaga, nikampa baba mkwe kikombe. Alikunywa nusu, akakiweka chini, akaniuliza kwa heshima kama sufuria imeoshwa. Gunia zima lilikwenda kwenye mbolea. Sasa kahawa ina kijistoo chake, juu ya vibao, imeachana na ukuta kwa kiasi cha shibiri mbili, haikai na kitu kingine chochote, wala sabuni. Masika unyevu unapanda: kifuko cha gramu 1,000 nilichokiacha wazi Machi kilifika 1,018 kabla ya mwezi kwisha. Siku hizi nanunua ya kutosha mwezi mmoja tu mvua zinapokuwa zimekaza, na kila gunia lina kifuko cha plastiki kizito ndani.

Watu wanauliza kama ninauza. Nimeanza, kidogo, kwa wale wanaonijua. Kukaanga kwa ajili ya kuuza ni shughuli ya leseni, Bodi ya Kahawa ndiyo inayoisimamia, na ni vizuri kuulizia taratibu zake kabla ya kupiga tofali la kwanza, kwa kuwa chumba kikishajengwa hakirekebishiki kirahisi. Mimi ningeokoa ukuta mmoja.

Mapatano yangu na mama jirani hayajaandikwa popote. Mimi naamka saa kumi na moja, natazama kitambaa chekundu, nafanya jaribio la gazeti, nawasha. Wakati huo mitumbwi ya dagaa inarudi, taa zake zinazimika moja moja majini, na moshi wangu unashuka kuelekea huko huko. Yeye haaniki kabla ya saa tatu. Mimi sikaangi baada ya kuona shuka la kwanza kwenye kamba yake, hata kama nimebakiza kilo. Jumamosi nampelekea robo ya kahawa ya Kagera, anaitwanga mwenyewe kwenye kinu na tangawizi, na mlio wa mchi unanifikia kupitia yale matundu ya chini.

Kesho nina kilo sita za Tarime. Jioni hii kitambaa kimekwishaanza kulegea, na mama ameniambia kwamba beseni lake la nguo limejaa.